Bei ya Kidole na Sheria ya Kitanda

Mhadhara uliotolewa kwa maofisa utumishi na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, katika wiki ya Mei Mosi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa matawi, maofisa utumishi, na ninyi wenzangu mliokuja kwa sababu mlisikia kuna chakula:

Mmenipa mada ya fidia na mafao ya mfanyakazi, kisha mkanipangia saa nane mchana, baada ya pilau. Naomba tukubaliane jambo moja kabla sijaanza. Mtu akisinzia hapa ukumbini akadondoka kwenye kiti, hiyo ni ajali ya kazini au si ya kazini? Hayuko ofisini kwake. Lakini ametumwa na mwajiri, amesaini karatasi ya mahudhurio, na posho ameshaitia mfukoni. Naona mawakili wawili pale nyuma wameamka. Swali kama hili limewajengea wenzao nyumba nzuri duniani kote, na leo nitazungumzia mawili tu ya namna hiyo: kiungo cha mfanyakazi ni shilingi ngapi, na kazi inaanzia wapi ikaishia wapi. Mengine nitayapitia juu juu. Kikokotoo cha pensheni sitakigusa kabisa, nina shinikizo la damu.

Tuanzie buchani. Mwaka 1835, huko Peterborough, Uingereza, kijana mmoja aitwaye Charles Priestley alikuwa mtumishi wa mwenye bucha, bwana Fowler. Siku moja gari la kukokotwa na farasi lilipakiwa nyama kupita kiasi, na kijana akaambiwa apande juu yake. Gari likashindwa, likavunjika, kijana akaanguka na paja likavunjika. Akamshtaki tajiri yake. Raia waliokaa kama baraza la mahakama wakampa pauni 100, na nadhani wengi wao walikuwa na watoto wa umri ule. Fowler hakukubali. Kesi ikapanda, na mwaka 1837 jaji aliyeitwa Lord Abinger akafuta yote.

Sababu zake ndizo zilizonifanya nimpende, ingawa aliamua vibaya. Jaji aliingiwa na hofu. Alisema tukimwajibisha bwana kwa kila ajali ya mtumishi, hatutajua pa kukomea. Kesho mtumishi atamshtaki bwana kwa sababu mtandikaji kamlaza kwenye kitanda chenye unyevu. Keshokutwa atasema fundi kaleta kitanda kibovu, kikamwangusha akiwa usingizini. Mtondo atasema mpishi hakusafisha vyombo vya shaba. Mheshimiwa aliona taifa zima likifilisika kwa ajili ya vitanda. Kwa hiyo Priestley akaambiwa kuwa alikuwa na akili zake, aliliona gari limeelemewa, angeweza kukataa kupanda. Yaani kijana wa buchani, karne ya 19, amwambie tajiri: samahani bosi, leo sipandi.

Juu ya kesi hiyo mahakimu wa Kiingereza wakajenga kanuni iliyodumu miaka mingi: aliyekuumiza akiwa mfanyakazi mwenzako, usimdai tajiri, mdai mwenzako. Mwenzako huyo analipwa kama wewe, anadaiwa dukani kama wewe, na kwa kawaida alikuwepo kwenye ajali ileile. Waingereza walisubiri hadi mwaka 1897 kupata sheria ya fidia ya kueleweka. Hicho kitanda cha Lord Abinger mkiweke akilini, kitarudi.

Wajerumani waliwatangulia. Mwaka 1884 Chansela Otto von Bismarck alipitisha sheria ya bima ya ajali kazini. Tusimpambe: Bismarck alikuwa amekipiga marufuku chama cha wajamaa tangu mwaka 1878, akaona marufuku peke yake haitoshi, akaamua kuwanyang'anya hoja. Mapatano aliyoyaweka ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo hapa kwetu. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mtu yeyote, inatosha kuwa ameumia kazini. Waajiri wanachanga, mfuko unalipa. Naye mfanyakazi, kwa upande wake, anaachana na habari ya kumburuza tajiri mahakamani. Sijui mapatano mengine ya kistaarabu kiasi hicho yaliyoletwa na mtu mwenye nia mbaya kiasi hicho.

Ila kulipa viungo kwa orodha ya bei hakukuanza na Bismarck. Kulianza zamani, na miongoni mwa walioandikiwa orodha hizo ni maharamia. Alexandre Exquemelin alikuwa tabibu wa maharamia wa bahari ya Karibi, na kitabu chake kilichochapwa Amsterdam mwaka 1678 kinaeleza mkataba wao kabla ya kung'oa nanga. Mkono wa kulia: peso 600. Wa kushoto: 500. Mguu wa kulia 500, wa kushoto 400. Jicho 100, na kidole kimoja bei ileile ya jicho. Asiyetaka fedha aliweza kulipwa kwa watumwa: mkono wa kulia watu sita, jicho mtu mmoja. Sisi wa mwambao huu tunayasoma maneno hayo kwa kasi ndogo kuliko wengine.

Nikiuondoa uovu huo, ambao hauondoki, naona jambo la kiutawala ambalo ofisi nyingi zinashindwa. Fidia za majeruhi zilitolewa kwenye fungu la pamoja kwanza, ndipo mabaharia wakagawana kilichobaki. Haramia aliyekatwa mkono Jumanne hakuambiwa faili lake liko makao makuu. Hakuambiwa arudi na barua ya mtendaji wa kata. Nahodha alijua kwamba asipolipa mkono huu, kesho hakuna mkono utakaoinua upanga kwa ajili yake.

Sasa twende Marekani, kwenye jimbo la Alabama, ambako orodha ya bei ipo hadi leo na inahesabiwa kwa wiki. Mkono mzima ni wiki 222. Mguu, wiki 200. Jicho, 124. Kidole gumba ni wiki 62, cha shahada 43, cha kati 31, cha pete 22, na kidole kidogo, masikini, wiki 16. Kidole gumba cha mguuni ni 32, vidole vingine vya mguuni 11 kila kimoja. Kipande cha juu cha kidole kikikatika, kinahesabiwa nusu ya kidole. Kila wiki ina malipo yasiyozidi dola 220, kiwango kilichowekwa mwaka 1985. Fanyeni hesabu: mkono mzima hauvuki dola 48,840, na kidole kidogo ni dola 3,520. Tangu mwaka huo nauli zimepanda, mikate imepanda, majumba yamepanda. Kilichobaki palepale ni mkono wa mtu wa Alabama. Hakuna mfanyabiashara duniani aliyefanikiwa kuzuia mfumuko wa bei kwa ufanisi huo.

Msicheke sana. Sisi tulikuwa na yetu. Sheria ya fidia iliyotungwa Tanganyika mwaka 1949, enzi za Mwingereza, iliendelea kutumika miongo mingi baada ya uhuru. Kiwango cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu kilifika shilingi 108,000 kikakwama hapo. Kwa kifo, shilingi 83,000. Mmesikia vizuri: kufa kulikuwa rahisi kuliko kulemaa, kwa tofauti ya shilingi 25,000, nadhani kwa sababu marehemu halalamiki. Laki moja na elfu nane leo hainunui gunia la kilo mia la mchele. Kuna watu walioacha miguu yao migodini na viwandani wakalipwa kwa sheria hiyo, na wengine wao bado wanaishi.

Sheria mpya ikapita mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Kati ya miaka hiyo miwili msumeno haukusimama kusubiri kanuni. Kwa Tanzania Bara hali sasa ni tofauti mno, na lazima niseme hivyo hata kama nimekuja kuchekesha. Kuna matibabu, kuna malipo ya ulemavu wa muda kwa asilimia 70 ya mshahara, kuna ulemavu wa kudumu, utengamao, posho ya anayemhudumia asiyejiweza, msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi. Ulemavu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Wakenya nao walitunga sheria yao ya mafao ya majeraha kazini mwaka 2007, ikazungushwa mahakamani hadi Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoithibitisha. Kwao ulemavu wa asilimia mia unakokotolewa kwa mapato ya miezi 96.

Mchango wa mwajiri binafsi ulianza asilimia moja ya mishahara, ukashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na sasa ni nusu asilimia, sawa na serikali. Kwa mfanyakazi wa shilingi laki tano ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Chai, chapati mbili na soda. Na ni fedha ya mwajiri, hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara wa mtu. Bado nimekaa na waajiri wanaoizungumzia hiyo chai na chapati kwa uchungu kana kwamba wanazika. Wengine hawajajisajili kabisa. Halafu siku mashine inapochukua kidole cha mtu ndipo kijana ambaye jana alikuwa kibarua asiye na jina anapopata jina, namba, mkataba wa miezi minane iliyopita, na saini ambayo wino wake ukiugusa unakuchafua.

Wiki chache zilizopita nilikwenda Keko kuagiza kitanda. Wa Dar es Salaam wanajua, Keko ndiko kwa maseremala. Fundi aliyenihudumia alikuwa akieleza vipimo kwa mikono, sita kwa sita, chaga za mninga, kichwa cha kitanda kimo gani, na kila alipofungua kiganja cha kushoto nilikuwa nahesabu bila kutaka. Cha shahada kiliishia kwenye kifundo cha pili. Cha kati kilikuwa kifupi kuliko cha pete, mpangilio ambao Mungu hakuutaka. Nikamwuliza, fundi, randa? Akacheka. "Mzee wangu, hiki kilikwenda na randa, hiki na msumeno wa meza. Siku tofauti, tajiri tofauti." Nikamwuliza walimlipa nini. Wa kwanza alimpeleka hospitali kwa bajaji, akamlipia dawa na kumwambia apumzike mpaka Jumatatu. Wa pili alimpa elfu hamsini na kumwambia awe makini. "Maana yake wa pili alikuwa mtu mwema," akaniambia, na hakuwa akitania.

Niliitazama mashine. Msumeno wa meza huwa na kinga, kipande cha chuma au plastiki kinachofunika meno yake, mbao ipite lakini kidole kisipite. Hapakuwa na kinga. Ukutani, juu yake kabisa, palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: USALAMA KWANZA. Basi nikapiga hesabu ya tajiri, siyo ya fundi. Kinga ina bei, na inachelewesha kazi kidogo. Vidole viwili vimemgharimu mmoja nauli ya bajaji na dawa, mwingine elfu hamsini. Mfanyabiashara yeyote aliyesoma hadi darasa la nne anajua anunue kipi. Bango halijawahi kulinda kidole cha mtu. Kinacholinda kidole ni kidole kuwa ghali. Mkitaka kujua kama kiwanda chenu ni salama, msiulize mafunzo mangapi yamefanyika. Ulizeni ajali moja inamuuma tajiri shilingi ngapi.

Hapo ndipo ninapoona kasoro moja kwenye mfumo wetu mzuri, na maofisa wa mfuko mkiwamo humu mniwie radhi. Nusu asilimia ni ileile kwa mwenye machimbo ya mawe na kwa mwenye duka la vitabu. Mwenye kinga kwenye misumeno yake na asiye nayo wanachangia sawa. Wajerumani tangu enzi za Bismarck walipanga madaraja ya hatari: biashara inayomeza watu inachangia zaidi. Nasi tukifanya hivyo, kinga itafungwa Keko kabla wino wa kanuni haujakauka.

Sasa turudi kitandani.

Mwaka 2007, huko Australia, mtumishi mmoja wa serikali alitumwa kikazi mji mdogo wa New South Wales. Ofisi ikamlipia chumba cha moteli. Usiku akatembelewa na rafiki, wakawa katika shughuli ambayo sitaieleza mbele ya Mwenyekiti, na katikati ya shughuli taa ya kioo iliyokuwa juu ya kitanda ikang'oka ikamwangukia puani na mdomoni. Akadai fidia. Mnacheka, lakini alishinda ngazi mbili. Jaji mmoja alisema kwa akili timamu kwamba angeumia akicheza karata chumbani mle angelipwa, hivyo kwa nini asilipwe kwa hili? Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, na Oktoba 2013 majaji wanne dhidi ya wawili wakamnyima. Mwajiri, walisema, alimpeleka motelini, lakini hakumhimiza kufanya alichokuwa akifanya. Najaribu kuwaza waraka wa utumishi ambao ungekuwa umemhimiza.

Wafaransa, kama mnavyotarajia, waliona tofauti. Fundi wa kampuni ya reli alifariki kwa moyo mwaka 2013 akiwa safari ya kikazi, nyumbani kwa mwanamke aliyekutana naye huko. Mwajiri akasema wakati ule marehemu alikuwa ameiweka kazi pembeni. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Paris ikakataa hoja hiyo: mambo hayo ni sehemu ya maisha ya kila siku, kama kuoga na kula, na aliye safarini kikazi yuko kazini. Ikahesabiwa ajali ya kazi. Waheshimiwa, mkituma watu semina Paris mjue mnachokifadhili.

Wajerumani wao wana mlango. Kwao, mfanyakazi akiteleza akiwa njiani kwenda chooni ofisini amekingwa na bima. Akishaingia na kufunga mlango, yuko juu yake mwenyewe. Akitoka, bima inampokea tena. Kantini ni hivyohivyo, njia imekingwa, ugali haujakingwa. Mtu akianguka kizingitini nadhani wanampima kwa rula. Na watu hao ndio waliomaliza ubishi wa Lord Abinger. Desemba 2021 mahakama yao ya juu ya masuala ya jamii ilimsikiliza mwanamume anayefanyia kazi nyumbani. Alitoka kitandani, akashuka ngazi za kuzunguka kwenda kwenye meza yake ya kazi ghorofa ya chini, akaanguka na kuvunja pingili ya mgongo. Ilielezwa kuwa kawaida yake ilikuwa kuanza kazi moja kwa moja bila kifungua kinywa. Mahakama ikasema ile ilikuwa safari ya kwenda kazini. Baada ya miaka 184, kitanda kimeingia kwenye fidia, na Ujerumani haijafilisika.

Sisi bado hatujafika huko, lakini tunaye dereva wa lori Tunduma. Foleni ya mpakani inaweza kumweka siku kadhaa. Analala ndani ya lori, kwenye kale kagodoro nyuma ya kiti, kwa sababu akiuacha mzigo utapungua. Akianguka usiku kutoka kwenye kagodoro kale, ameangukia kazini au nyumbani? Msiniangalie mimi. Ninyi ndio mnaojaza fomu, na ninajua mnavyojaza. Pale penye "eleza ajali ilivyotokea" mnaandika "kutokana na uzembe wake" hata kabla hamjaandika jina lake. Wakati sheria hii tangu Bismarck inasema haitafuti mzembe.

Likizo niiguse kidogo, kwa kuwa nayo ni mafao. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa baba siku tatu mtoto anapozaliwa, ndani ya wiki ya kuzaliwa. Siku ya kwanza anatafuta fedha ya hospitali, ya pili anampokea mama mkwe, ya tatu anagundua hana pa kulala. Ukifiwa unapewa siku nne, lakini kwa orodha: mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa damu. Isomeni vizuri orodha hiyo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mama mkwe, Mwenyekiti, hayumo. Aliyeiandika hakuwahi kukaa kikao cha ukoo. Kukosa msiba wa mama mkwe kwa kisingizio kwamba sheria haimtambui ni ulemavu wa kudumu, na haumo kwenye jedwali lolote. Ndiyo maana kila ofisi ina mtu ambaye bibi zake wamefariki wanne. Siyo mwongo huyo. Anazika shangazi zake kwa jina linaloruhusiwa.

Namalizia na asiyekuwamo humu. Yote niliyosema yanamhusu mwajiriwa, mtu mwenye mwajiri. Nje ya geti hili wamepanga foleni vijana wa bodaboda wasiopungua ishirini, wengi wao wakiendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba wa kupeleka hesabu kila jioni. Mwenye pikipiki anasema: mimi siyo tajiri yake, tunafanya biashara. Kijana naye, ukimwuliza, anasema anajiajiri, tena kwa fahari. Basi tumchukulie alivyosema. Akigongwa kesho Mandela Road, yeye ndiye majeruhi na yeye ndiye mwajiri. Kwa jinsi sheria inavyotaka kwa waajiri wengine, atakuwa na siku saba za kujitolea taarifa mwenyewe. Atajaza fomu. Atafika pale penye "eleza ajali ilivyotokea," na kwa kuwa sasa yeye ni mwajiri, ataandika kwamba ilikuwa ni kutokana na uzembe wake.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali. Waliosinzia waulize kwanza, nione kama bado wako kazini.